Usiogope Kumshika Mkono

Mazungumzo ya asubuhi katika redio
Masomo: Mathayo 4:23–25, Mathayo 17:14–18, Marko 9:14–29

   

Asubuhi ya leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tumeuona kwa macho, lakini hatupendi kuutaja kwa kinywa. Ni kifafa, ugonjwa wa kuanguka.

Hebu fikirini jambo hili. Ibada inaendelea. Kwaya imeketi, na mhubiri amefungua Neno. Ghafla msichana aliye katika benchi la tatu anatoa sauti, anakakamaa, anaanguka chini. Mwili wake unatetemeka na povu linamtoka kinywani. Watu walio karibu naye wanafanya nini? Mara nyingi benchi lile huwa tupu kwa nukta chache tu. Akina mama huwavuta watoto wao. Mmoja husema, "Msimguse, mate yake yanaambukiza!" Mwingine hukemea kwa sauti kuu, lakini amesimama mbali. Naye msichana yule analala peke yake, kichwa chake kikigonga saruji, katikati ya watu mia tatu waliokuja kumwabudu Mungu.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Hofu hii tuliirithi kwa wazee wetu, nao waliirithi kwa wazee wao. Lakini si kila urithi unafaa kutunzwa. Basi tuitazame hofu hii mchana, tuone kama ina msingi.

Lugha yetu yenyewe inatuonyesha jinsi watu wa zamani walivyofikiri. Mtoto mchanga akishikwa na mtukutiko, watu wa pwani walisema ana degedege, na wengi waliamini kuwa ni dege wa usiku aliyempitia. Mtu aliyejikata akakakamaa mwili mzima na meno yakafungana, walisema ana pepopunda. Sikilizeni jina hilo: ndani yake mna pepo. Lakini leo ni mama gani wa Kaloleni au Shauri Moyo asiyejua kwamba pepopunda huletwa na vijidudu vinavyoingia katika kidonda, au katika kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe mchafu? Ndiyo sababu mama mjamzito hudungwa sindano kliniki. Jina limebaki pepopunda, lakini hakuna amwambiaye mama aache sindano kwa kuwa jina lina pepo. Tulipojua chanzo cha ugonjwa, hofu iliondoka. Kwa kifafa bado hatujafika hapo, na watu wanaumia kwa sababu hiyo.

Kifafa ni nini, basi? Ni ugonjwa wa ubongo. Mungu aliuumba ubongo ufanye kazi kwa nguvu ndogo sana za umeme, ambazo chembe za ubongo hutumia kupelekeana habari. Ukitaka kuinua kikombe cha chai, habari hutoka ubongoni na kufika mkononi kwa utaratibu. Lakini pakiwa na kovu au hitilafu mahali fulani katika ubongo, chembe nyingi zaweza kutoa umeme wake kwa mara moja bila mpango, kama nyaya za stima zinapogusana juu ya mabati. Hapo mtu huanguka, akatetemeka. Baada ya dakika moja au mbili dhoruba hupita yenyewe. Mtu huamka amechoka, hajui lililotokea, na mara nyingi anaona aibu.

Tena si kila mwenye kifafa huanguka. Mtoto mwingine hukodoa macho tu kwa kitambo kifupi katikati ya somo, kisha huendelea kuandika. Mwalimu asiyejua humchapa akidhani anaota ndoto za mchana. Mwingine hupapasapapasa nguo zake au hutafuna bila chakula kinywani. Hayo nayo yaweza kuwa kifafa. Na kwa upande mwingine, mtu aliyeanguka mara moja tu kwa sababu ya homa kali hatumwiti mwenye kifafa. Kifafa ni hali ya kushikwa mara kwa mara, bila sababu ya papo hapo kama homa. Kupambanua mambo haya ni kazi ya daktari, wala si ya majirani.

Sasa twende kwenye lile povu, maana ndilo linalotutisha. Povu lile ni mate tu. Mtu aliyeshikwa hawezi kumeza, na pumzi inayopita kwa nguvu huyageuza mate kuwa povu. Likiwa jekundu, ni kwa sababu ameuma ulimi. Hakuna kifafa ndani ya mate hayo. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa hewa, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kulala chumba kimoja. Kovu lililo ndani ya ubongo wa mtu haliwezi kuhamia kwako kwa kumshika, kama vile mguu uliovunjika hauambukizi.

Lakini oneni hofu hiyo imetugharimu nini. Katika nyumba zetu za Eastlands twapikia jiko la makaa au stovu ya mafuta ya taa, chini sakafuni, katika chumba kimoja na watoto. Mtu akianguka juu ya moto, nukta chache ni nyingi. Akivutwa mara moja, ataungua kidogo. Wenzake wakisita kumgusa, ataungua sana, pengine afe. Ndiyo maana watu wengi walio na kifafa wana makovu ya moto usoni na mikononi. Watu huyatazama makovu hayo na kusema ugonjwa huu ni mbaya. Ni kweli, ni mbaya, lakini sehemu ya makovu hayo yametokana na woga wa sisi tuliosimama kando.

Jambo hili lilionekana wazi kwa jirani zetu wa Tanzania. Katika milima ya Mahenge, kusini ya Morogoro, daktari mmoja kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta watu wengi sana wenye kifafa mnamo mwaka 1960. Walitengwa. Watu waliogopa mate yao, na wengine walikuwa wameungua vibaya kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuwavuta motoni. Daktari huyo alianzisha kliniki yao. Aliwashika kwa mikono yake, akawapa dawa, naye hakuanguka. Watu wa Mahenge waliona kwa macho yao kwamba waliotumia dawa kwa uaminifu walianza kupata nafuu, wakarudi shambani na katika shughuli za nyumbani.

Pengine mtu atauliza, "Mbona ugonjwa huu umezidi katika nchi zetu za joto?" Ni swali zuri. Shirika la Afya Duniani husema kwamba watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu 80 katika kila 100 wanaishi katika nchi zenye mapato madogo na ya kati. Si kwamba Mungu anatuchukia. Sababu ni kwamba kwetu yako mambo mengi yanayoujeruhi ubongo, na mengi yao yaweza kuzuiwa.

La kwanza ni kuzaliwa kwa shida. Mtoto akichelewa kutoka na kukosa hewa, ubongo wake huumia. Kwa hiyo mama anayejifungua hospitalini penye wakunga waliofunzwa anamlinda mtoto wake na mengi.

La pili ni malaria iliyopanda kichwani. Nairobi yenyewe haina malaria nyingi, lakini watoto wetu huenda likizo nyumbani Nyanza, Magharibi na Pwani. Watafiti wa Kilifi waliona kwamba watoto waliopona malaria ya ubongo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa baadaye. Basi mtoto alale ndani ya chandarua huko aendako, na akirudi na homa, apimwe upesi. Tena asiachwe mtoto mwenye homa na shingo ngumu, maana huenda ni homa ya uti wa mgongo, ambayo nayo huacha makovu ubongoni.

La tatu ni kuumia kichwa. Ninyi vijana wa bodaboda, vaeni kofia ngumu, na abiria wenu nao wavae.

La nne ni mnyoo tegu wa nguruwe, na hapa tusikilize vizuri, kwa maana wengi huelewa nusu tu. Mtu akila nyama ya nguruwe isiyoiva yenye vijifuko vya mnyoo huyo, mnyoo hukua tumboni mwake. Kisha mtu huyo hutoa mayai ya mnyoo katika choo kikubwa. Asiponawa mikono, mayai hayo hufika katika chakula chake mwenyewe na cha wengine. Maji machafu nayo huyafikisha kwenye sukuma wiki na kachumbari. Atakayeyameza mayai ndiye atakayepata vijifuko mwilini, na vikifika ubongoni vyaweza kuleta kifafa. Kwa hiyo hata mtu asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote aweza kupata shida hii. Kinga yake ni nyama iliyokaguliwa na kuiva, choo safi, nguruwe waliofungiwa badala ya kuzurura jalalani, na mikono iliyonawiwa kwa sabuni.

Ziko sababu nyingine pia, na kwa wagonjwa wengi daktari haoni sababu yoyote. Hapo mama asijilaumu, wala wakwe wasiulize ni ukoo gani ulioleta laana.

Msidhani tunazungumza habari za mbali. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika Korogocho na Viwandani, wakauliza habari za watu zaidi ya 56,000. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2024. Walikadiria kwamba katika kila watu 1,000 wapo kama 12 wenye kifafa, na kama nusu ya wagonjwa hawakuwa wakipata dawa. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe. Kanisa lenye washirika 500 katika mitaa kama hiyo huenda lina watu sita wenye kifafa. Je, mwawajua sita wenu? Kama hamwajui, pengine wamefichwa nyumbani siku ya Jumapili. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua.

Sasa tufungue Maandiko, kwa kuwa wako wasemao, "Lakini Biblia inasema ni pepo." Ni kweli kwamba katika Marko sura ya 9 twasoma habari za kijana aliyeteswa na pepo, akaanguka na kutokwa na povu. Hatupunguzi neno la habari hiyo. Lakini tusome na Mathayo 4:24. Hapo Mathayo anaorodhesha watu walioletwa kwa Yesu, naye anawataja wenye pepo peke yao, na wenye kifafa peke yao, na wenye kupooza peke yao. Mwandishi wa Injili alijua kupambanua. Mbona sisi tunawachanganya? Habari ya kijana mmoja haitupi ruhusa ya kumwita kila mgonjwa wa kifafa mtu wa mapepo, kama vile habari ya kipofu mmoja haitupi ruhusa ya kuuliza dhambi ya kila kipofu.

Tena angalieni maneno ya baba yake kijana yule. Anamweleza Yesu kwamba mara nyingi mwanawe huanguka katika moto na katika maji. Moto na maji! Baba huyo angekuwa mkaaji wa Mathare au Kariobangi, angesema maneno yale yale: jiko na karai la kufulia. Na Yesu alifanya nini? Hakukemea tu. Marko anatuambia kwamba watu walidhani kijana amekufa, lakini Bwana alimshika mkono na kumwinua. Wapendwa, sehemu hiyo tumeisahau. Tumechukua kukemea, tukaacha kumshika mkono.

Twaomba pia juu ya dawa. Kifafa kina dawa, na dawa zake nyingine ni za zamani na za bei nafuu. Fenobabitoni imetumika kwa kifafa tangu mwaka 1912. Katika wilaya ya Nakuru, wagonjwa 302 walipewa dawa kwa msaada wa wahudumu wa afya wa vijijini, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1991. Katika miezi sita ya mwisho ya mwaka wa matibabu, zaidi ya nusu ya waliomaliza mwaka huo hawakushikwa hata mara moja. Shirika la Afya Duniani husema kwamba hadi watu 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangetibiwa ipasavyo.

Lakini dawa hizi hutaka uaminifu. Humezwa kila siku, hata siku ambazo mtu anajisikia mzima, kwa miaka kadhaa. Mtu akiziacha ghafla, kifafa chaweza kumrudia kwa nguvu mno, akashikwa mfululizo bila kuamka katikati, na hiyo ni hatari ya kufa. Kwa hiyo tunawasihi wachungaji na viongozi wa maombi: waombeeni wagonjwa, na kuwaombea msiache, lakini msimwambie mtu atupe dawa zake ili aonyeshe imani. Mgonjwa akiona amepona, aende kwa daktari, naye ndiye atakayempunguzia dawa pole pole. Mungu aliyeponya hatapungukiwa na utukufu kwa sababu daktari alishuhudia. Na mwanamke anayetarajia kupata mtoto amweleze daktari mapema, maana ziko dawa za kifafa zisizofaa kwa mimba. Lakini asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

Mtu akianguka mbele yenu, fanyeni hivi. Msikimbie. Mwondoeni karibu na moto, maji na barabara, na sogezeni viti. Wekeni kitu laini chini ya kichwa chake, kama sweta au kitenge. Legezeni tai au kitambaa cha shingoni. Tazameni saa. Mgeuzeni alale ubavu ili mate yatoke nje asipaliwe. Msimkandamize mikono na miguu. Msimtie kijiko wala kidole kinywani, kwa kuwa hawezi kumeza ulimi wake, lakini meno yaweza kuvunjika. Msimmwagie maji, msimnushe kiatu wala kitunguu, na msimnyweshe kitu mpaka aamke vizuri. Akikojoa, mfunikeni leso, mtunze heshima yake. Mmoja wenu akae naye mpaka akili zimrudie, amwambie kwa upole mahali alipo. Lakini akitetemeka zaidi ya dakika tano, au akishikwa tena kabla ya kuamka, au akiwa mjamzito, au ameumia, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, mpelekeni hospitali bila kungoja.

Mambo haya mzee wa miaka 80 aweza kuyafanya, na mtoto wa shule ya Jumapili aweza kuyajifunza. Kwa nini basi kila kanisa letu lisiwafundishe wazee wa zamu, walimu wa watoto na chama cha akina mama? Kwa nini wageni wa nyumbani wasiende kumwuliza yule mama aliyeacha kuja na mwanawe? Wenye kifafa wengi waweza kusoma, kufanya kazi, kuoa na kuolewa, na kuimba katika kwaya. Yako mambo wanayopaswa kujihadhari nayo, kama kupanda mjengoni, kuendesha gari wakati bado wanashikwa, na kupika peke yao penye moto wa chini. Jiko likiinuliwa juu ya meza imara, au jirani akikubali kuwa karibu, hatari hupungua. Hapa Kenya, chama kiitwacho KAWE kimekuwa kikiwasaidia wenye kifafa tangu mwaka 1982, na vituo vya afya vyaweza kumwelekeza mgonjwa mahali pa kutibiwa. Hatua ya kwanza ni kuacha kumficha.

Na wewe mwenye kifafa unayetusikiliza, pengine umeketi peke yako kwa sababu Jumapili iliyopita uliona watu wakihama benchi. Ugonjwa wako si aibu yako. Kunywa dawa zako, rudi kliniki siku uliyoambiwa, na uje kanisani. Ukianguka, sisi tulio wako hatuna budi kukuinua.

Bwana atupe mikono isiyoogopa. Amani iwe nanyi katika nyumba zenu leo. Kwaherini.